Umri wa Betri ya Saa Janja

Saa janja, yaani saa ya mkononi yenye kompyuta ndogo ndani yake ambayo hupima mapigo ya moyo, huhesabu hatua na hupokea arifa kutoka kwenye simu, hubebeshwa kazi nyingi huku ikipewa nishati kidogo mno. Betri ya saa ya kawaida ya aina hii huwa na ujazo wa miliampea-saa 300 hivi, na kipimo hicho, ambacho huonyesha kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kukitoa kwa muda fulani, kikizidishwa kwa wastani wa volti 3.85 huleta nishati inayozidi kidogo tu wati-saa 1. Simu janja ya siku hizi, yenye betri ya miliampea-saa 5,000, hubeba wati-saa 19 hivi. Kwa hiyo saa hutakiwa kuamka na mwenyewe alfajiri na kumpima hadi usingizini ikiwa na fungu moja tu kati ya mafungu kumi na saba ya akiba iliyomo katika simu iliyo mfukoni mwake.

Mijadala kuhusu betri ya saa kwa kawaida huishia kwenye swali la namna ya kuiwezesha chaji kufika jioni. Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine ambalo wamiliki wengi hawaliulizi mpaka wakati umekwisha kupita, nalo ni kwamba betri yenyewe itaishi miaka mingapi kabla ya kuchoka. Mambo hayo mawili hufungamana kwa namna ambayo haionekani upesi. Betri huzeeka, pamoja na sababu nyingine, kwa idadi ya mizunguko ya chaji, na mzunguko mmoja ni matumizi ya asilimia 100 ya ujazo wake, iwe asilimia hizo zimetumika kwa siku moja au zimegawanyika katika siku mbili au tatu. Kampuni ya Apple hueleza kwamba betri za saa zake zimebuniwa ili zibaki na hadi asilimia 80 ya ujazo wa awali baada ya mizunguko 1,000 kamili. Mtu anayemaliza asilimia 90 ya chaji kila siku huifikia mizunguko hiyo katika miaka 3 hivi, ilhali yule anayetumia asilimia 45 kwa siku huifikia baada ya miaka 6, ingawa wote wawili walinunua saa ya aina moja, dukani pamoja, kwa bei ileile. Umeme unaookolewa leo kwa kupunguza mwangaza wa kioo hauishii katika kumpa mwenye saa jioni tulivu, kwa sababu huahirisha pia siku ambayo saa hiyo itatupwa.

Tatizo la betri ya saa lina historia ndefu kuliko saa janja zenyewe. Mwezi Aprili 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani iliingiza sokoni Pulsar, saa ya mkononi ya tarakimu za umeme iliyouzwa kwa dola 2,100, na ambayo uso wake ulibaki mweusi kutwa nzima mpaka mwenyewe abonyeze kitufe, ndipo tarakimu nyekundu ziwake kwa muda mfupi na kuzimika tena. Wahandisi hawakuuficha wakati kwa ajili ya mapambo. Taa ndogo za LED zilizounda tarakimu hizo zingeimaliza betri haraka mno endapo zingeachwa ziwake mfululizo. Nafuu ilikuja kwa kubadili kioo chenyewe na kutumia kile cha LCD, ambacho hakitoi mwanga wake chenyewe bali huzuia au hupitisha mwanga utokao nje, na hivyo huhitaji umeme kidogo sana. Casio F-91W, saa ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo hadi leo huonekana katika mikono ya watu wa kila hali, huenda miaka 7 kwa betri moja ya mviringo ya volti 3 yenye miliampea-saa 90 hivi, ambayo ni takriban robo tu ya nishati iliyomo katika saa janja.

Hesabu ya tofauti hiyo inastahili kufanywa. Saa janja inayomaliza wati-saa 1 kwa siku hutumia kwa wastani miliwati 42 kila wakati, yaani sehemu 42 za elfu moja ya wati, ilhali F-91W hutumia chini ya sehemu 5 za milioni moja ya wati. Ya kwanza hula takriban mara elfu kumi zaidi ya ya pili, na saa zote mbili zikiulizwa wakati zitatoa jibu lilelile. Ziada yote hiyo huenda kwenye kazi ambazo hazihusiani na wakati: rangi za kioo, mawasiliano ya redio, vihisi na hesabu za kompyuta.

Hata miongoni mwa saa janja zenyewe, kudumu kwa chaji kumekuwa uamuzi wa wabunifu tangu mwanzo. Pebble, saa ambayo mwaka 2012 ilichangiwa na watu zaidi ya dola milioni 10 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ilitumia kioo kinachoakisi mwanga wa nje na ikafikia hadi siku 7 kwa chaji moja. Apple Watch ya kwanza, iliyoanza kuuzwa tarehe 24 Aprili 2015 ikiwa na kioo kinachong'aa na betri ya miliampea-saa 205 katika umbo lake dogo, iliahidi muda wa saa 18. Soko lilikubali ahadi fupi kwa sababu ya uzuri wa kioo, na tangu hapo mamilioni ya watu wamezoea kuichaji saa kila usiku kana kwamba ni jambo la maumbile. Si la maumbile hata kidogo. Saa za michezo zenye vioo vya kuakisi bado zinatengenezwa, bado zinasomeka vizuri juani, na bado hukaa wiki nzima au zaidi bila kuguswa. Kwa sababu hiyo hatua kubwa kuliko zote katika kurefusha maisha ya betri huchukuliwa dukani kabla ya pesa kutoka mfukoni, na yote yatakayoelezwa hapa chini ni masahihisho ya uamuzi uliokwisha kufanyika.

Kioo ndicho cha kuanza nacho. Saa janja nyingi za leo zina kioo cha aina ya OLED, ambacho kimeundwa kwa malaki ya vitone vidogo, kila kitone kikiwaka kwa umeme wake chenyewe, na kitone kinachotakiwa kuonyesha weusi huzimwa kabisa. Kutokana na sifa hiyo, uso wa saa wenye usuli mweusi na tarakimu chache hutumia umeme kidogo kuliko picha ya bahari, ya ua jeupe au ya mtoto iliyojaza kioo kizima, na tofauti hii ni ya kweli, inayoweza kuonekana kwenye asilimia za jioni. Mwangaza nao hufuata kanuni hiyohiyo: kioo kilichowekwa kwenye kiwango cha juu kabisa hula zaidi kuliko cha kiwango cha kati, na ndani ya nyumba au ofisini kiwango cha chini hutosha kusoma kila kitu. Juani hali hubadilika, kwa kuwa saa nyingi zina kihisi cha mwanga ambacho hupandisha mwangaza chenyewe ili ushindane na jua, na mtu anayeshinda nje, kwa mfano dereva wa bodaboda au muuza samaki wa ufukweni, hulipa gharama hiyo bila kujua.

Kuna pia kipengele cha kioo kisichozimika, ambacho huacha wakati ukionekana muda wote hata mkono ukiwa umeshuka. Apple ilikianzisha katika saa zake mwaka 2019 kwa kutumia kioo kinachoweza kupunguza kasi ya kujichora upya kutoka mara 60 kwa sekunde hadi mara moja kwa sekunde, ufundi ambao unastahili heshima kwa kuwa ulipunguza gharama ambayo hapo awali isingevumilika. Hata hivyo, gharama iliyopunguzwa haijafutwa. Anayetaka kurefusha chaji kwa badiliko moja tu, pasipo kugusa mipangilio mingine yoyote, akizime kipengele hiki na kukiacha kioo kiwake pale tu mkono unapoinuliwa au kinapoguswa. Usiku hata kule kuwaka kwa kuinua mkono kunafaa kuzimwa, kwa sababu mtu aliyelala hugeuka mara nyingi na saa huwaka kila mara bila mtu wa kuitazama. Hali ya usingizi iliyomo katika saa nyingi huyashughulikia yote hayo kwa pamoja.

Baada ya kioo, mlaji mkubwa ni GPS, mfumo wa setelaiti unaomwezesha mtu kujua mahali alipo. Setelaiti hizo huzunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na mawimbi yake yanapofika mkononi mwa mtu huwa dhaifu kuliko kelele ya kawaida ya redio iliyotanda angani, kwa hiyo kipokezi cha saa hulazimika kufanya hesabu nyingi mfululizo ili kuyatambua na kuyalinganisha. Umeme hutumika katika hesabu hizo. Jambo hili linajulikana vizuri Iten, mji wa wakimbiaji ulio kwenye kimo cha mita 2,400 hivi katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, ambako mwanariadha anayejiandaa kwa marathoni hurekodi mazoezi asubuhi na pengine jioni, na saa ya kawaida yenye kioo kinachong'aa inaweza kumzimikia katikati ya mbio ndefu. Saa za michezo hutoa chaguo la kusikiliza kundi moja la setelaiti au makundi kadhaa kwa pamoja, tena kwa masafa mawili badala ya moja. Masafa mawili husaidia sana kati ya majengo marefu au kwenye bonde lenye miti mingi, lakini kwenye barabara ya vumbi iliyo wazi chini ya anga pana, kundi moja linatosha kabisa na betri hupumua. Kwa mtu anayetembea kutoka nyumbani hadi kituo cha basi, njia ya busara zaidi ni kuiacha saa itumie mahali palipokwisha kutambuliwa na simu, au asirekodi matembezi hayo kabisa.

Vihisi vya afya havilingani kwa ulaji wao. Mapigo ya moyo hupimwa kwa vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi, kwa kuwa damu hufyonza mwanga wa kijani, na kiasi kinachofyonzwa huongezeka kila damu inaposukumwa na moyo. Kipimo hiki kikichukuliwa kila baada ya dakika kadhaa gharama yake ni ndogo, lakini kikichukuliwa kila sekunde huwa mzigo. Kipimo cha oksijeni ya damu, ambacho hutumia mwanga mwekundu na wa infraredi, ni cha kuachwa kwa wenye sababu ya kiafya ya kukihitaji. Kuhusu redio, Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, iliyoingia katika viwango rasmi mwaka 2010, haifai kuzimwa kwa matumaini ya kuokoa betri, maana ni rahisi kuliko njia nyingine zote za mawasiliano na saa isiyoipata simu huanza kutafuta njia ghali zaidi, kama vile Wi-Fi, au mtandao wa simu ikiwa ina laini yake. Saa yenye laini ikiwa mahali penye mtandao hafifu huongeza nguvu ya redio yake ili ifike mnarani, na hiyo ndiyo sababu chaji huyeyuka safarini. Arifa nazo zichujwe. Ujumbe wa mzazi au wa kazini uruhusiwe kutikisa mkono, na kila tangazo la duka na kila neno la kundi la harusi libaki kwenye simu.

Yote hayo yanahusu chaji ya siku. Uzee wa betri ni habari nyingine, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Betri hizi ni za lithiamu-ioni, ufundi uliowapatia John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, na ambao Sony iliuingiza sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Ndani yake mna pande mbili ziitwazo elektrodi, mmoja ukiwa kwa kawaida wa grafiti, ambayo ni kaboni kama ile ya penseli, na mwingine wa oksidi ya metali kama kobalti, na katikati mna elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha ioni, ambazo ni chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme. Saa inapochajiwa ioni huhamia kwenye grafiti, na inapotumika hurudi zilikotoka. Safari hiyo isingekuwa na hasara endapo elektroliti isingegusana na grafiti, lakini kwa kuwa hugusana, utando mwembamba hujengeka juu ya grafiti tangu chaji ya kwanza. Utando huo ni wa lazima kwa kuwa huilinda betri, ila hauachi kunenepa, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyomeza lithiamu ambayo haitarudi tena kazini na kuongeza ukinzani wa njia, sawa na birika la nyumba ya pwani ambalo kila likichemshiwa maji ya kisima huongeza ukoko wa chokaa, hadi linapokea maji machache na kuchelewa kuchemka. Saa iliyoahidi muda wa saa 18, betri yake ikishuka hadi asilimia 80, hubaki na saa 14 hivi, na mwenyewe huanza kuilaumu programu au mtengenezaji ilhali kilichotokea ni kemia.

Kunenepa kwa utando huo huharakishwa na mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa mwenye saa, nayo ni joto na kukaa muda mrefu katika chaji iliyojaa. Joto ndilo adui mkubwa, na Afrika Mashariki ya pwani haina uhaba wake. Wanakemia hukadiria kwamba matendo mengi ya kikemikali huongezeka kasi kama maradufu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi, na Apple, kwa mfano, huelekeza kwamba saa zake za kawaida zitumike katika mazingira ya nyuzi 0 hadi 35. Dar es Salaam mwezi Februari hukaribia mpaka huo kila mchana, na Muscat, ambako wanaishi wasemaji wengi wa Kiswahili, huuvuka kwa mbali katika mwezi wa Juni. Mkononi saa haipati shida kubwa, kwa sababu ngozi ya binadamu huiweka katika joto lisilobadilika sana. Hatari iko kwenye gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani, ambamo joto la ndani huweza kupita nyuzi 50 kwa muda mfupi. Iko kwenye dirisha linalopigwa na jua ambapo saa imewekwa juu ya chaja. Na iko kwenye mto au godoro, maana chaja nyingi za saa hupitisha umeme bila waya, njia ambayo sehemu ya nishati yake hupotea kama joto, na joto hilo likikosa pa kutokea huishia ndani ya betri. Chaja iwekwe juu ya meza, kivulini, mahali penye hewa, na kama saa ni ya moto baada ya mazoezi au baada ya kushinda juani, iachwe ipoe kwanza ndipo ichajiwe.

Baridi hufanya kinyume, na kwa namna ambayo huwadanganya wengi. Usiku wa kupanda kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wapandaji wa Kilimanjaro hukutana na baridi iliyo chini ya kiwango cha kugandisha maji, na saa iliyovaliwa juu ya koti huweza kuzimika ikiwa bado inaonyesha nusu ya chaji. Umeme haujaisha. Baridi huongeza ukinzani ndani ya betri, volti hushuka chini ya kiwango ambacho kompyuta ya saa inakihitaji, na saa hujizima yenyewe kwa usalama. Ikirudishwa kwenye joto, chaji iliyoonekana kupotea hurejea. Dawa yake ni kuivaa saa juu ya ngozi, ndani ya mikono ya nguo zote. Jambo la kujihadhari nalo ni kuichaji ikiwa imeganda, kwa sababu chini ya nyuzi 0 lithiamu hushindwa kuingia vizuri ndani ya grafiti na hujikusanya juu yake kama metali, madhara ambayo hayaponi hata saa ikipashwa moto.

Kuhusu kuchaji, imani kadhaa za zamani bado zina nguvu katika familia nyingi. Ile ya kuichaji saa mpya muda wa saa 8 kabla ya kuiwasha, na ile ya kuiacha betri iishe kabisa kabla ya kuichaji tena, zilikuwa na msingi katika enzi za betri za nikeli-kadimi, ambazo zilizoea kutoa umeme nusunusu zikichajiwa kabla ya kuisha. Lithiamu-ioni haina tabia hiyo, na kwake kuisha kabisa ni mateso. Inafurahia kukaa katikati, kati ya asilimia 20 na 80 hivi, kwa sababu kadiri chaji inavyokaribia kilele ndivyo volti inavyopanda, na volti ya juu huchochea matendo yaleyale yanayounenepesha utando. Haimaanishi kwamba kufika asilimia 100 ni kosa. Anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Kampala na ajaze kabisa. Kinachodhuru ni kukaa juu ya chaja usiku wote, kila usiku, katika chumba chenye joto. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wameweka kipengele kinachosimamisha chaji kwenye asilimia 80, ama moja kwa moja ama mpaka karibu na muda ambao mtu huamka, na kipengele hicho kinastahili kuwashwa siku ya kwanza. Mwenye saa isiyo nacho anaweza kuiweka kwenye chaja wakati wa kuoga na kunywa chai asubuhi, kwa kuwa betri ndogo kama hii hujazwa upesi na haihitaji usiku mzima. Saa itakayowekwa kabatini kwa miezi ihifadhiwe ikiwa imezimwa na ikiwa na nusu ya chaji, kwani ikiachwa imeisha huendelea kushuka polepole hadi kiwango ambacho haiwezi tena kufufuka.

Baada ya kusasisha programu ya saa, chaji mara nyingi huisha haraka kwa siku moja au mbili huku saa ikipanga upya kumbukumbu zake, na hali hiyo hutulia yenyewe. Isipotulia, kuiwasha upya hutosha mara nyingi, na orodha ya matumizi ya betri iliyomo katika mipangilio humwonyesha mwenye saa ni programu gani inayokula wakati yeye haitumii.

Kuna sababu ya kulijali jambo hili inayopita pesa za mnunuzi. Kobalti inayowekwa kwenye betri nyingi za vifaa vidogo hutoka kwa wingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo huchimba zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa hutoka katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini, sokoni na nyumbani. Mwezi Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyoonyesha watu wazima na watoto wakichimba na kuosha mawe ya kobalti kwa mikono, katika mashimo yasiyo na uimara, bila vifaa vya kujikinga na vumbi. Kwa hesabu ya kikemia, saa moja janja yenye oksidi ya kobalti huhitaji takriban gramu moja tu ya metali hiyo. Ni kidogo, lakini gramu hiyo ilipitia mikononi mwa mtu huko Kolwezi au Likasi, na saa inayotupwa baada ya miaka 3 kwa sababu ya betri peke yake, ilhali kioo, vihisi na kompyuta yake vingali vizima, huifanya taabu ya mtu huyo irudiwe mara mbili bila haja. Hakuna hoja ya kiuchumi inayoweza kulihalalisha hilo.

Sehemu kubwa ya lawama hapa ni ya wabunifu kuliko ya watumiaji. Saa nyingi zimefungwa kwa gundi ili zisiingize maji, na fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi anayejaribu kuifungua hulazimika kuipasha moto na kuikwangua, kazi ambayo hata ikifanikiwa huweza kuivunja ile kinga ya maji isirudi tena. Ufundi wa kuweka raba ya kuzuia maji na skrubu, ambao watengenezaji wa saa za kawaida wameutumia kwa miongo mingi, haujasahaulika. Umeachwa kwa hiari. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni yake ya betri namba 1542 ya mwaka 2023, umeagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka viuzwavyo katika nchi zake ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa kama vile vilivyobuniwa mahususi kufanya kazi kwenye maji, ambavyo betri zake zitaruhusiwa kubadilishwa na mafundi huru peke yao. Vifaa hivyohivyo vitaletwa pia katika masoko ya Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi, na mashirika ya viwango ya nchi za Afrika Mashariki hayana sababu ya kusubiri Ulaya iyaamulie.

Kwa sasa, mnunuzi anayo nguvu moja ambayo haihitaji sheria yoyote. Kabla ya kulipa, amwulize muuzaji maswali matatu na asikubali majibu ya juujuu: chaji hukaa siku ngapi kioo kikiwa hakijaachwa kiwake muda wote, betri ikichoka hubadilishiwa wapi, na kwa shilingi ngapi. Muuzaji asiyeweza kujibu swali la pili anauza kitu cha miaka mitatu, na bei yake ihesabiwe hivyo.